Manjano ya Senge kwa Magoti ya Mama

Mama alikuwa hajasimama wiki mbili. Magoti yalimvimba, na daktari wa zahanati akampa vidonge na kumwambia atembee kidogo kila siku, la sivyo viungo vitakakamaa kabisa. Vidonge alimeza, kutembea alikataa katakata. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Niliapa kwamba mama hataozea kitandani nikiona. Nikakumbuka manjano ya senge, dada wa marehemu baba, aliyeishi Sigor.

Alfajiri niliondoka Kabianga. Basi lilikwama matopeni mara mbili, na mara zote mbili nilishuka nikasukuma pamoja na wanaume. Sketi yangu ya kanisani iliharibika vibaya.

Saa nne nilifika Bomet, nikaunga safari kwa lori la mahindi. Tulivyozidi kuteremka, mashamba ya chai yaliisha na joto likaanza.

Sigor, saa saba. Senge alinisalimu, "Chamgei," na kabla sijaketi akauliza nani mgonjwa. Zamani alipikia familia ya Wahindi mjini Kericho. Huko ndiko alikopewa mzizi wa manjano, akaupanda nyuma ya jiko.

"Ponda, chemsha na maziwa, weka pilipili manga kidogo," alisema akichimba. "Inasaidia uvimbe, lakini si miujiza. Dawa ya daktari asiwache."

"Na akikataa?"

"Mama yako? Lazima akatae. Wewe kaza tu."

Kesho yake jioni nilikuwa nyumbani. Nilichemsha kimyakimya, nikampelekea mama kikombe bila kumwambia kitu. Hapo ndipo nilipokosea. Kwetu wafugaji, maziwa yakigeuka rangi hivyo, kiwele kina ugonjwa.

Mama alichungulia kikombe, macho yakamtoka.

"Chebet! Hii maziwa ni ya ng'ombe gani?"

"Mama, hiyo ni—"

"Ng'ombe inakufa na wewe unaangalia tu!"

Akashika ukuta, akasimama. Akavuka ua akigumia kila hatua, akafika zizini, akainama kupapasa kiwele. Kikombe kilikuwa bado mezani, hakijaguswa. Nilisimama mlangoni nikilia kwa furaha.

"Iko sawa," alisema, akipumua kwa nguvu. "Sasa niambie umeweka nini kwa maziwa."

Nilimweleza yote, akanywa. Kwa vidonge na manjano, uvimbe ulipungua polepole. Lakini nilikuwa nimejifunza kilichomwinua. Basi kila jioni nilimchemshia manjano, na kila asubuhi nikamwambia ng'ombe hajala vizuri.