Nyoka wa Simu ya Baba na Tembo wa Robanda

Simu ya kwanza kuingia nyumbani kwetu Nyamisangura, mjini Tarime, ilikuwa ya batani, yenye kioo kidogo cha rangi ya majani mabichi, na ndani yake aliishi nyoka. Ulikuwa mchezo ambao wengi wa rika langu wanaukumbuka: kistari cheusi kinatambaa na kumeza nukta, kila nukta inakirefusha, na maisha yake yanakoma kinapojigonga ukutani au mwilini mwake chenyewe. Baba alikuwa seremala. Alituachia simu ile kwa muda wa kuoga kwake tu, si zaidi, na kwa sababu hiyo mimi na mdogo wangu wa kike tuliombea siku za kazi chafu, vumbi la mbao likimjaa hadi masikioni, ili maji yahitajike mengi na nyoka wetu apate kuishi.

Adui yetu mkubwa alikuwa shangazi aliyeolewa Kewanja. Alikuwa na kipaji cha kupiga simu nyoka akiwa ameijaza nusu ya kioo.

"Shangazi ameua nyoka!" mdogo wangu alilia mara moja, simu ikiwa tayari sikioni.

"Nyoka gani huko? Wapi?" sauti ya Kewanja ikapanda. "Msimguse! Mwiteni baba yenu, tokeni nje wote!"

Baba alitoka bafuni na povu kichwani, akamweleza dada yake kwamba nyoka huyo anakula nukta. Shangazi hakuridhika. Kwa miaka mingi baadaye, kila alipotutembelea, alitazama kwanza chini ya vitanda.

Nilipopelekwa seminari nilikutana na walimu walionifundisha Kilatini, na pamoja nacho tabia ya kuuliza, mbele ya kila kazi iliyotengenezwa kwa ustadi, ni kitu gani kinachoishikilia isianguke. Nilianza kuulizia mashairi na hotuba. Mdogo wangu, aliyebaki nyumbani, aliulizia michezo. Likizo moja aliniambia, huku akimenya viazi, jambo ambalo sijapata kulisikia likisemwa vizuri zaidi na msomi yeyote: "Kaka, yule nyoka hana adui. Hakuna anayempiga. Shida yake ni njia tu, na jinsi alivyorefuka." Kisha akaendelea kumenya viazi.

Mwalimu wake wa pili katika elimu hiyo alikuwa banda la gemu lililofunguliwa jirani na duka la vipuri vya pikipiki. Banda lilikuwa na televisheni, pedi zilizofungwa kwa raba, na mchezo wa ngumi ambao ndani yake kila mpiganaji alikuwa na mstari mwekundu wa uhai juu ya kioo. Ukipigwa, mstari unapungua. Ukiisha, unaanguka, na banda zima linapiga kelele. Vijana wa Sirari, kule mpakani, waliokuja Tarime kwa biashara walipenda kuingia humo kutamba.

"Msupa, hii si ya wasichana," mmoja wao alimwambia mdogo wangu siku nilipomsindikiza. "Utalia, aki."

"Shika pedi yako, kaka wa Sirari. Kulia tutajua mbele."

Mdogo wangu alimwangusha kijana huyo bado anajikuna shingo. Wenyeji wakasimama juu ya mabenchi. "Mura! Kijana mzima umelazwa na binti! Rudi Sirari ukavuke mpaka kwa aibu!" Yule kijana alicheka kuliko wote, akaomba wacheze tena, akalazwa tena. Nilikuwa nimekuja kumrudisha mdogo wangu nyumbani. Nikajikuta natoa nauli yangu ya kesho ili asikose zamu.

Naeleza haya kwa kirefu kwa sababu watu humuuliza aliyetengeneza mchezo alisomea wapi, na jibu la chuo huwa ni nusu ya ukweli. Mdogo wangu alisoma kompyuta, akapata kazi ya ofisini Mwanza, na mwaka jana akaomba ruhusa ndefu bila malipo na kurudi Tarime akiwa na kompyuta mpakato na nia ya kutengeneza mchezo wake mwenyewe. Mama hakupiga kelele. Alisema tu kwamba atampikia hadi mwisho wa likizo yangu ya ualimu ya Juni, kwa vile ruhusa nayo inaishia hapo, na kama mpaka siku hiyo hakuna anayeutaka mchezo huo, arudi kwenye kiti chake kabla hakijakaliwa na mwingine.

Alikuwepo mtu mmoja aliyeonyesha kuutaka. Ni mama mmoja anayesimamia shughuli za vijiji katika kambi ya watalii karibu na kijiji cha Robanda, kando ya mbuga, mwalimu wa zamani aliyehamia kutoka Iringa. Alitaka kitu cha kuchezwa na wakulima wanaolinda mashamba dhidi ya tembo, kiwekwe kwenye vishikwambi na kibaki kijijini. Sharti lake lilikuwa moja. "Sitaki mniambie mimi kwamba ni kizuri," alisema. "Nataka niwaone wenye mashamba wakikigombania."

Kazi yangu katika mchezo huo, kwa kuwa huandika vitabu, ilikuwa maneno. Niliandika maelezo ambayo, kwa heshima yote, nayahesabu miongoni mwa kurasa zangu safi kabisa: mwanzo, mazingira, wajibu wa mlinzi wa shamba. Mdogo wangu alizisoma kwa utulivu.

"Kaka, mtu ana tembo ndani ya mahindi, na wewe unamsomesha insha."

"Lazima aelewe muktadha."

"Muktadha unakula mahindi."

Akafuta karibu zote.

Tulikwenda Robanda wiki ya pili ya likizo, tukafikia kwa mwalimu mwenzangu, na tukaona mahali pazuri pa kuujaribia mchezo ni kwenye mashine ya kusaga, kwa kuwa pale kina mama husubiri zamu mikono ikiwa haina kazi. Yule mama wa kambi alikaa pembeni kwenye gunia, akitazama. Mdogo wangu alisalimia shikamoo kwa kila aliyestahili, akapata marahaba zake, akamkabidhi kishikwambi mama mmoja mrefu aliyekuwa wa mwisho kwenye foleni, mwenye shamba upande wa mbugani.

Mchezo ulikuwa umetengenezwa kwa ustadi, nasema bila upendeleo. Kulikuwa na mahindi, mtama, uzio, na mlinzi mwenye debe la kugonga, moshi wa pilipili na mawe. Tembo alipotoka porini, juu yake ulionekana mstari mwekundu wa uhai.

"Huu mwekundu ni nini?" yule mama mrefu aliuliza.

"Ni nguvu zake, mama. Ukimpiga unapungua. Ukiisha anaanguka, umeshinda."

Mama yule aliinua kidole kutoka kwenye kioo, taratibu, kama aliyegusa sufuria ya moto. "Anaanguka? Mikononi mwangu?"

Alimpa jirani yake. Jirani alitafuta mpaka akaona mahali pa kufungua uzio, akampitisha tembo, na tembo akala shamba lote huku wanawake wakicheka hadi kufuta machozi kwa pembe za kanga. Wa tatu alimweka mlinzi wake nyuma ya nyumba na kugonga debe tu, bila kukoma. Hakuna aliyerusha hata jiwe moja.

"Lakini kwenye mashamba yenu mnawafukuza," mdogo wangu alisema.

"Tunawafukuza, mwanangu," yule mama mrefu alisema. "Tunawatukana pia. Mwaka juzi mmoja alinimalizia mtama, nikamtaja mpaka mama yake." Kicheko. "Ila mimi, mtu wa Ikoma, nimwangushe tembo halafu nishangilie? Wewe ungeshangilia?"

Unga wake ukawa tayari, akajitwisha, akaenda. Kishikwambi kilibaki juu ya benchi. Yule mama wa kambi alijikung'uta vumbi la unga, akasema kwa upole kwamba atapita tena Jumatano ijayo, na uso wake haukuonyesha matumaini makubwa.

Tulirudi kwa mwenyeji wetu. Kosa letu lilikuwa kosa la watu wa Tarime halisi. Ukoo wetu unamheshimu chui. Hatumdhuru, wala ngozi yake hatuikalii. Wakati wa kupanga mchezo mdogo wangu alikuwa amekataa katakata kumweka chui ndani yake, hata kama kivuli tu, na mimi nilimuunga mkono kwa hoja nzito. Haikutupitia akilini kwamba safari fupi kuelekea mbugani heshima ileile hupewa mnyama mwingine, na kwamba kwa Waikoma wa Robanda mnyama huyo ni tembo. Mnyama wetu tulimficha kwa adabu, wao wakamwona wa kwao akiwekewa mstari wa kupigwa.

Mdogo wangu alikaa barazani. "Ni banda la gemu," alisema mwishowe. "Lile la ngumi. Nilidhani mchezo bila mstari mwekundu si mchezo."

Nilimuuliza swali la aina niliyofundishwa seminari: "Na yule nyoka wa baba, alikuwa na mstari?"

Alinitazama kama aliyeitwa kwa jina kutoka mbali. "Hakuwa na kitu," alisema. "Alikuwa na njia." Akasimama, akakaa tena, akavuta kompyuta. "Kaka, tembo hatembei peke yake. Wanafuatana. Mama, halafu watoto, halafu dada zake. Mstari mrefu. Nipishe kwenye hiyo meza."

Mchana wote wa siku zilizofuata niliwekwa kwenye kazi ya kumletea chai na kujaribu kila toleo, na nilikuwa mjaribu mbaya, jambo ambalo alisema lilimsaidia. Mstari mwekundu uliondoka. Mawe yakaondoka. Sasa familia ya tembo inatoka porini ikifuatana, na kila inapokutana na mwingine anajiunga nyuma, mstari unarefuka. Wewe unapanga mizinga ya nyuki, moshi na kelele za madebe ili kuwapindisha pembezoni mwa shamba mpaka wafike mtoni. Ukimkatisha mtoto akatengana na mama yake, wote wanageuka na kuingia ndani ya mahindi kumtafuta, na hapo shamba lako kwaheri. Kadiri wanavyokuwa wengi ndivyo unavyolazimika kuwapa nafasi. Alikuwa amemchukua nyoka wa simu ya batani na kumpa masikio makubwa.

Jumatano mashine ilikuwa na foleni ndefu. Yule mama mrefu alikuwepo tena. Alikipokea kishikwambi kwa shingo upande, akaangalia juu ya tembo, hakuona mwekundu wowote. Akaweka mzinga. Akaweka moshi. Tembo wakapinda.

"Wamenisikia!" alisema, na wanawake wakasogea.

"Usimbane huyo mdogo!"

"Nimemwona, nina macho."

"Unampelekea moshi usoni, wewe! Lete, huwezi!"

"Kaa mbali. Huyu ni mjukuu wangu sasa."

Wakafika mtoni, wa mwisho akazamisha mkonga majini, na kwenye kioo likatokea neno moja: *Wamepita*. Ndilo neno pekee lililobaki katika kurasa zangu zote, na nakiri kwamba nililifurahia kuliko kitabu chochote nilichowahi kuchapisha. Watu walipiga vigelegele kana kwamba bibi harusi ameingia.

Yule mama wa kambi alinyoosha mkono ili aonje naye. Akapigwa kwenye kiganja, kwa upole lakini kwa dhati. "Foleni, mama. Hapa hata unga una foleni."

Alikaa juu ya gunia, akamtazama mdogo wangu, akaanza kucheka. "Basi kinabaki hapa," alisema. "Na utuletee vingine. Mimi mwenyewe sitapata zamu kwa hiki kimoja."

Mdogo wangu alinigeukia akiwa ameziba mdomo kwa mikono yote miwili, kama siku ile ya yule kijana wa Sirari. Nikampigia mama simu, na kwa sababu ya mashine na vigelegele ilinibidi nirudie mara nyingi kwamba hapana, hakuna aliyeumia, kiti cha Mwanza wampe mtu mwingine.

Mwenye mashine alikuwa anaita. "Unga wa nani huu? Umekwisha kusagwa! Nani mwenye debe la bluu?"

Yule mama mrefu hakuinua kichwa kutoka kwenye kishikwambi. "Subiri," alisema. "Kuna mtoto amebaki nyuma."