Katambuga za Punda Wangu

Siku hizi dagaa wa Bukima wanapanda pikipiki na kufika Butiama kabla jua halijawa kali. Mimi bado naikumbuka njia ile kwa miguu sita, yangu miwili na minne ya punda wangu jike. Naikumbuka kwa hamu ambayo watoto wangu hawaielewi.

Mwaka mmoja barabara hiyo ilimwagwa kokoto, na kwato zake za mbele zikalika hadi zikaanza kupasuka. Mume wangu alisema akichechemea tena tutamuuza kwa wanunuzi wa ngozi. Aliyasema huku anakula, kama mtu anayeomba chumvi. Mimi nililala na hasira, maana nilitembea na punda yule tangu mtoto wangu wa kwanza akiwa mgongoni.

Nikampeleka gulioni kwa mzee mmoja wa Kamunyonge, fundi wa katambuga, zile ndala za tairi. Desturi yake ilikuwa kumsimamisha mteja juu ya kipande cha boksi na kuchora unyayo wake kwa chaki. Alipoliweka boksi mbele ya punda, punda akalila. Gulio zima likacheka. Nami sipendi kuchekwa, basi nikaukunja mguu wa punda, nikauweka gotini, nikamwambia mzee achore hapo hapo kwenye kipande kingine tuondoke. Ule ulikuwa ujuaji wangu, wala si wake.

Katambuga zilipendeza: soli ya tairi la lori, kuta za mpira wa ndani, kamba ya kufungia juu ya kwato. Nikazikaza sawasawa, nikapita katikati ya kijiji nikiringa kama mama wa bibi harusi.

Hatujafika hata nusu ya njia, punda akaanza kusimama kila hatua chache. Nikajua ni ukaidi. Nikamchapa. Nilimchapa mpaka Butiama, maana kichwani nilikuwa nikimwona mume wangu akimwonyesha mnunuzi mlango wa zizi. Kule Mwitongo, hapo hapo Butiama, mama mmoja niliyekuwa nikimuuzia dagaa aliinama akafungua kamba. Ngozi juu ya kwato ilikuwa imevimba, na damu ilikuwa imegandia kwenye mpira. Nililia mbele ya mteja wangu, tena kwa sauti.

Yule mama akakubali kubaki naye mpaka apone. Nyumbani nilidanganya kwamba nimemwazimisha mtu abebee mavuno. Siku ya gulio nikamrudishia fundi viatu vyake, nikiwa tayari kumgombeza. Akavigeuza, akaviminya.

"Mama, mtu tunampimaga amesimama, kwa sababu mguu ukikanyaga unatanuka," alisema. "Huyu tulimpima mguu uko hewani. Kila alipokanyaga, kiatu kilimbana."

Akaniambia pia kwamba tairi peke yake ni gumu kama barabara yenyewe, lazima ndani kuwe na kitu cha kupokea kishindo. Nikarudi Mwitongo, nikamsimamisha punda kwenye tope laini, nikakata boksi kwa kufuata alama ya kwato zake, nikampelekea fundi. Katambuga za pili zilikuwa pana, na chini ya kwato tuliweka kipande cha godoro kuukuu ambacho nilikibadilisha kila kilipobonyea.

Alipona. Alitembea nami miaka mingine mingi, kokoto zikilia chini yake bila kumdhuru, na habari ya kumuuza ikafa yenyewe. Tulikuwa tukipumzika kando ya njia, mimi nakula muhogo, yeye anasubiri maganda, na mpaka leo sijapata mwenza wa safari kama yule. Lakini hadi siku anakufa, kila nilipoinua mkono kurekebisha kilemba changu, alikuwa akifumba macho.