Karatasi Inasema Anaomba Maji, Nyumbani Analia Kiu

Admin, nifichie jina, mawifi zangu wote wamo humu na midomo yao naijua. Nina miaka thelathini na mbili, nimeolewa, naishi Mbinga. Binti yetu ana miaka sita, ana usonji, haongei. Kuna kituo anafundishwa kuomba kwa picha: akitaka maji, akupe picha ya kikombe.

Mwanzoni alifundishwa na dada mmoja mtaratibu. Kila mtoto akijaribu, anaandika palepale: hapa kafanya mwenyewe, hapa nimemshika mkono. Sikatai, alichelewesha, mtoto anachoka kusubiri kalamu. Wakamtoa, wakaleta kaka mmoja anayejiita mtaalamu, viatu vinang'aa hata msimu wa mvua. Huyo haandiki chochote somo likiendelea. "Mama, mimi nina kumbukumbu, najaza mwishoni." Kumbukumbu gani, na nusu ya somo yuko kwenye simu? Siku moja nilikaa nyuma nikamwona. Anamshika mwanangu mkono, anaupeleka kwenye picha, tena na tena. Mwishoni akajaza tiki ukurasa mzima: ameomba mwenyewe. Nilipouliza akacheka, "Mama, wewe soma matokeo." Mfyuuu! Matokeo ya kuota!

Sasa mume wangu, bingwa wa kuamini tiki. Kazipiga picha zile karatasi, kawatumia ukoo mzima. Mama mkwe akapiga simu kutoka Lituhi, kule ziwani: "Kumbe mjukuu wangu anajieleza! Mleteni, huko mnamdekeza tu." Mama mkwe namheshimu, ila anashinda ufukweni anaanika dagaa, na mtoto huyu akiona maji anayafuata.

Nikamwambia baba yake, "Weka kikombe na picha mezani, nyamaza, usimguse." Mtoto akaangalia, akaanza kulia, mwisho akamshika baba yake mkono akauburuta hadi kwenye kikombe. Picha hata hakuigusa. Mnajua alisemaje mwanaume mzima? "Si ameomba huyo!" Jamani! Nikamuuliza, "Na akizidiwa kule ziwani, atavuta mkono wa nani?" Akasema mimi sipendi mtoto apone, na Jumamosi nisipomtoa apelekwe kwa bibi yake, nirudi kwetu Kitura.

Begi la mtoto keshalifunga, na zile karatasi kaziweka juu.

Wale wa "vumilia, ndiyo ndoa," njooni Jumamosi mkae ufukweni mmshike mtoto mkono. Ninyi wengine nishaurini: nimtoe binti yangu nibaki na mume, au nimbebe niondoke naye kabla Jumamosi haijafika?