Nilipokwenda Brussels Kumchukua Binti Yetu

Mume wangu alisema hawezi kwenda Ubelgiji kwa sababu kuku watakosa mtu wa kuwalisha. Ukweli ni kwamba aliogopa ndege. Mimi nilikuwa mwalimu wa Kiswahili wa sekondari, niliyezoea kunyamazisha darasa zima kwa kukohoa tu, basi nikamwambia abaki na kuku wake. Kumleta mtoto mmoja nyumbani ni kazi gani?

Mtoto alikuwa wa wifi yangu mdogo, aliyekwenda Brussels kusoma, akaugua, akafia huko katikati ya miaka ya tisini. Jirani yake wa ghorofa ya juu, mama mmoja Mkongo kutoka Kivu, alimchukua binti siku ile ile ya msiba. Alikaa naye zaidi ya mwaka, mpaka mahakama ya kwetu Morogoro ilipotukubalia kumwasili awe wetu kisheria. Alipofikisha miaka mitano, nikafunga safari.

Nilifika Schaerbeek, mtaa wao huko Brussels, wakati wa baridi, nimevaa koti la mume wangu, ambalo mikono yake ilinifunika hadi kwenye vidole. Ndani ya ndege nilikuwa nimetunga hotuba ya shukrani yenye methali za kutosha. Sikupata nafasi ya kuitoa. Yule mama alifungua mlango, akanitazama, akasema, "Ingia, maman, baridi itakuua," akanivuta ndani.

Binti alikuwa amesimama nyuma yake, ameshika kitenge cha mama huyo.

"Bonjour, madame," akaniambia.

"Haiko madame," mama akamwambia taratibu. "Ni maman yako wa Tanzania."

Mtoto akafikiri kidogo. "Mi niko na maman," akasema, akarudi nyuma ya kitenge.

Nilimpa mwanasesere niliyembeba kifuani safari nzima. Akanishukuru kwa adabu, akamweka juu ya kabati, akimtazamisha ukutani.

Mtu mwenye busara angetulia. Mimi niliona tatizo ni lugha, na lugha ndiyo kazi yangu. Kila aliposema *mutoto* nilisema *mtoto*, kila aliposema *muntu* nilisema *mtu*. Alinitazama kama mtu anayetazama redio iliyoharibika.

Asubuhi ya pili mama alirudi kutoka zamu yake ya kuhudumia wagonjwa katika hospitali moja kule Jette, akajilaza. Nikaamua kumpeleka binti kununua viatu, ili tuzoeane. Viatu tulipata. Wakati wa kurudi, tramu ikasimama mbele yetu, nikamshika mkono nipande naye.

"Ile haiko tram yetu," akasema.

"Hatusemi hivyo," nikamwambia. "Sema: hiyo si tramu yetu."

"Hiyo si tramu yetu."

"Vizuri sana," nikasema, nikampandisha.

Nilifurahia ule ukanushi wake kwa vituo kadhaa. Nyumba zilianza kuachana, zikaota bustani, miti ikawa mingi kuliko watu. Mwisho wa njia dereva alitushusha. Tulikuwa Uccle, upande wa pili kabisa wa mji, na mimi hata namba ya simu ya nyumbani nilikuwa nimeiacha mezani.

Nilimwendea bibi mmoja mwenye mbwa, nikamsemesha Kifaransa changu cha kujifunza kwa kaseti. Alinijibu kirefu na kwa upole. Sikuambulia neno. Nilibaki nimesimama na lile koti, nikaitikia kwa kichwa kama niliyeelewa, hadi yeye na mbwa wake wakaenda zao.

"Uko naogopa?" binti akaniuliza.

Nilitaka kumwambia kwamba watu wazima hawaogopi. "Naogopa," nikasema.

"Mi pia." Akatia mkono wake ndani ya ule mkono mrefu wa koti, akautafuta wangu mpaka akaupata. Yeye Kifaransa alikielewa, akanieleza kwamba bibi yule alikuwa amesema tuvuke barabara tupande tramu ya kurudi. Tukavuka.

Tulipofika, mama wa Kivu alikuwa amesimama mlangoni kwa kandambili kwenye baridi ile, macho mekundu. Nilijiandaa kugombezwa. Binti akanitangulia.

"Maman, yeye hajuake tram," akasema, anacheka. "Hajuake kitu."

Mama naye akacheka, akacheka mpaka akakaa kwenye ngazi, halafu nikaona kwamba hacheki tena.

"Nilizania umeenda naye," akaniambia. "Nilizania umeenda naye kabisa, bila kuaga. Mi najua ni wenu. Lakini uniachie nimuage."

Methali zangu zote niliziweka kando. Nilikaa naye pale kwenye ngazi, nikamwomba radhi. Kesho yake nilisogeza tarehe ya safari mbele. Siku zile za nyongeza nilipika naye sombe, ambayo kwetu ni kisamvu, nikalala godoro moja na mtoto aliyekuwa akinipiga mateke. Mama alinifundisha anachokula, anachokiogopa, na jinsi ya kumsuka bila kumliza.

Kwenye uwanja wa ndege yeye na binti walikumbatiana muda mrefu. Mimi niligeuka kusoma tangazo la Kifaransa nisilolielewa. Ndani ya ndege binti alilia hadi usingizi ukamchukua, nami sikumwambia anyamaze.

Tulipofika Morogoro, binti alimpenda kwanza mume wangu, kisha kuku, kisha mimi. Miezi kadhaa baadaye alishikwa na malaria, akaita "Maman" kwa sauti nyembamba. Nilitoka jikoni mbio nusura niangushe sufuria. Alifumbua macho, akanitazama.

"Si wewe," akasema. "Yule mwingine."

"Najua," nikamwambia, nikavuta kigoda, nikakaa.