Kitanda Nilichomuuzia Mama Mkwe

Shughuli nzima ilinigharimu shilingi elfu thelathini na moja. Elfu kumi na nne za kitanda, elfu tano za kamba, elfu kumi na mbili za fundi wa kuchomelea upya kilichokatika. Nimejumlisha mara mbili. Mafuta siyahesabu, kwa sababu aliyebebwa ni mama wa mke wangu, na mtu akianza kuhesabu mafuta ya mama mkwe hata mwenyewe anajisikia vibaya. Kilichorudi mkononi mwangu mpaka leo ni elfu mbili.

Kitanda chenyewe ni kile cha kitambaa, cha kuning'inia, ambacho watu wenye nafasi hukifunga kati ya miti miwili porini wakalala huko kwa hiari yao. Nilikikuta kwenye mitumba pale Korogwe, kimesokotwa ndani ya kifuko. Muuzaji aliniambia ni parachuti.

"Na ndege yake iko wapi?" nikamuuliza.

"Kaka, nunua kwanza. Ndege utaikuta mbele ya safari."

Alianzia elfu thelathini. Nikamwambia kwa bei hiyo nataka na rubani. Tukaishia kumi na nne.

Sikukinunua kwa anasa. Kazi yangu ni kununua mahindi na ufuta vijijini Handeni na kuvileta Korogwe, na siku za mnada nalala na mzigo. Nyuma ya pikapu yangu kuna bomba mbili zilizokunjwa kama matao, moja nyuma ya kichwa cha gari, moja mkiani, za kushikilia turubai. Nilikuwa nafunga kitanda kutoka tao hadi tao, naning'inia humo juu ya mzigo, na mwizi akitaka gunia lazima kwanza aniinue mimi. Nililala hivyo misimu miwili. Kikashika umbo la mgongo wangu, na harufu yangu pia, mke wangu anasema.

Masika yaliyopita tulifika Kwamsisi asubuhi, mimi na mke wangu, kuchukua mahindi. Tukamkuta mama mkwe amelazwa kwenye mkeka barazani. Alfajiri aliteleza akitoka kisimani, mguu ukavunjika chini ya goti. Muuguzi wa zahanati alikuwa amekwisha kuufunga kwa mabanzi na vitambaa. Alinivuta kando.

"Vidole vimeanza kupoa," akasema. "Damu haishuki vizuri. Mfikishe hospitali leo hii, na asirushwerushwe. Ile mifupa ikicheza tena, mguu ule sikuahidi."

Asirushwerushwe. Toka pale mpaka kwenye lami ni barabara ya udongo, na mvua ilikuwa imeila kwa wiki nzima. Mahindi yenyewe huwa yanafika yamepungua.

Hapa lazima nieleze jambo moja. Kwa miaka yote niliyooa, mimi na mama mkwe hatujawahi kushikana mikono. Tukikutana njiani, napisha. Shikamoo yangu anaipokea kwa mbali, na marahaba yake anaipeleka kwenye migomba. Akiwa na neno kwangu humwambia mke wangu, hata kama nimesimama hapo hapo. Ndiyo adabu ya mkwe, na tuliishi nayo vizuri, pengine kwa sababu hatukuwahi kuulizana chochote.

Tulitandika godoro nyuma ya gari. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, akampakia na majirani wawili, mimi nimegeuza uso. Nikawasha, nikaondoka taratibu kama nimebeba mayai, shemeji na majirani wakitufuata kwa miguu. Tulipofika kwenye shimo la kwanza, karibu na shule, nilisikia sauti ambayo sitaki kuisikia tena. Mke wangu akagonga kichwa cha gari.

"Simamisha. Mama anasema bora umshushe afie kwake."

Nilishuka. Mke wangu alikuwa ameshika vidole vya mguu wa mama yake, kimoja kimoja.

"Bado vina joto," akasema. "Kidole gumba kimepoa kidogo."

Ndipo nikakumbuka kifuko chini ya kiti. Nikakitoa, nikakifunga kwenye matao kama kawaida yangu, ila juu zaidi, ili kikibonyea kisiguse bodi. Kitu kinachoning'inia, gari likiruka, chenyewe hubaki nyuma kidogo kinafikiri. Nililijua hilo kwa mgongo wangu. Shemeji akakitikisa kwa mkono.

"Hii si machela hii? Umeitoa wapi?"

"Nalalia."

Nilikosea kusema. Mama mkwe, macho amefumba, akanong'ona kwa binti yake, na binti yake akanigeukia kana kwamba mimi niko ng'ambo ya mto.

"Mama anasema halalii kitanda cha mkwe."

"Mwambie ni kitambaa tu."

"Anasema unakilalia."

Nikamtazama shemeji anisaidie. Akakuna shingo. "Hapo mama ana haki, shemeji. Kitanda cha mkwe, hapana."

"Basi mwambieni nampa. Ni chake, zawadi."

Jibu likarudi: zawadi ya mkwe bado ni ya mkwe. Atalala juu ya fadhila yangu badala ya kulala juu ya kitanda changu, na tofauti haioni. Upande wa Mkata mawingu yalikuwa yamejazana meusi. Halafu mama mkwe akafumbua jicho moja.

"Muulize anauza shilingi ngapi."

Mimi ni mtu wa soko. Mtu akiniuliza bei, mdomo hujibu kabla sijafika.

"Kumi na tano," nikasema.

Mke wangu aliniangalia. Tuna watoto watatu, lakini jicho lile lilikuwa la kwanza.

"Mwambie kimetumika," akasema mama mkwe.

Hapo nikaona mtego niliomo. Nikishusha bei haraka, atajua namhurumia, na huruma ni zawadi nyingine, atakataa. Nikishikilia bei, vidole vinapoa. Sijawahi kupatana bei namna ile, nikitaka kushindwa na nikiogopa kushindwa upesi. Nikalalamika kwamba kitambaa ni kigumu, mikanda ni ya kigeni, nimekitunza. Akasema kwa rangi ile ya majani hata mbuzi watamfuata. Nikashuka hadi kumi. Akatoa mbili. Nikasema kwa mbili bora nikifanye kamba ya ng'ombe. Shemeji, ambaye haelewi biashara, akataka kusema kitu, nikamkanyaga mguu.

"Kidole cha pili," akasema mke wangu polepole. Hakumwambia mtu yeyote.

"Mwambie tano, na hapo naumia," nikasema. Sikuwa naigiza tena, na nadhani hilo ndilo lililomridhisha, kwa kuwa akafungua fundo la kanga yake mwenyewe, akahesabu elfu mbili za noti chakavu na kumpa binti yake.

"Tatu atapata nikivuna. Sasa nipandisheni kwenye kitanda changu."

Wakampandisha. Kabla ya kuondoka nikakagua mafundo mara mbili. Uzito wa mtu katikati huyavuta matao yaelekeane, kwa hiyo tao la mkiani nikalifunga nyuma kwenye bampa kwa kamba ya katani tuliyonunua kwenye duka la jirani na shule, likavutwa huku na huku likatulia. La mbele nikaliachia chuma chake. Lilikuwa limechomelewa Korogwe na fundi niliyempunguzia bei sana, jambo ambalo nilipaswa kulikumbuka.

Tukaondoka sisi watatu, shemeji akabaki na mbuzi wa mama yake. Mke wangu alikaa nyuma kwenye godoro, mkono mmoja kwenye kitanda kisiyumbe, mwingine kwenye vidole. Gari liliingia mashimo, lakini kitanda kilishuka na kupanda kwa upole, na kutoka nyuma sikusikia sauti ile. Nilianza hata kujisifu. Ndipo tukafika korongoni.

Maji yalikuwa chini ya magoti, mekundu. Nikateremka, nikavuka, nikaanza kupanda ukingo wa pili. Nyuma ya kisogo changu kitu kikalia, kama mtu anavunja muwa. Mke wangu akaniita kwa jina langu, jambo ambalo hafanyi mbele ya mama yake.

Tao la mbele lilikuwa limeachia mguu mmoja na linalala kuelekea nyuma. Mama mkwe alikuwa ameshashuka nusu, na mguu wenye mabanzi ulikuwa umebakiza kama shibiri moja ugonge bodi. Mke wangu alishika mkanda kwa mikono miwili, miguu ameikanyagia tairi la akiba.

"Siwezi," akasema. "Mimi siwezi peke yangu."

Hapakuwa na mtu mwingine barabarani. Nikaangalia mbele, nikaangalia nyuma, nadhani nilitumaini shemeji ataota kutoka ardhini. Halafu nikapanda, nikapiga magoti na mikono chini kama mtoto anayecheza farasi, nikaingia chini ya kitanda, nikainua mgongo.

Alinikalia. Uzito wake wote ulikuwa juu yangu, na kati yetu kile kitambaa tu. Nilikuwa natazama bodi ya gari, punje za mahindi ya safari iliyopita, na nilikuwa nazisoma kama msahafu. Mke wangu alifungua mkanda wa mbele, akafunga kipande cha katani kilichobaki, akakipitisha dirisha la kulia la kichwa cha gari, kikatokea la kushoto, akakizungusha juu ya paa na kukirudisha.

"Kaza," nikasema.

"Nimekaza."

"Kaza tena."

Hapo juu yangu ikasikika sauti ndogo, kavu. "Mwambie asihemee juu. Ananitikisa."

"Mama anasema usi..."

"Nimesikia," nikasema, na hilo lilikuwa jibu langu la kwanza kwa mama mkwe tangu nioe. Nikahemea chini.

Kamba ikashika. Mke wangu akagusa vidole. Akavirudia kimoja kimoja, nikadhani sasa basi.

"Bado," akasema. "Kidogo, lakini bado."

Kamba ikiwa imepita madirishani, milango haifunguki. Niliingia kwenye usukani kwa dirisha, tumbo kwanza, katika umri wangu huu. Mvua ikatukuta tukiwa tayari kwenye lami, mke wangu akavuta turubai juu yao. Segera tukakata kushoto, na mbele kidogo askari wa barabarani akanyoosha mkono.

"Shuka," akasema.

"Afande, sishuki. Milango imefungwa na mama mkwe."

Akazunguka nyuma, akainua turubai, akakaa akitazama. "Sasa huyu tumwandike abiria au mzigo?"

"Mimi ndiye mwenye kitanda," mama mkwe akamjibu. "Gari ndilo la mkwe. Muulize yeye."

Askari akamwamkia, akarudisha turubai taratibu, akatupungia tupite. Korogwe tulifika mvua inakatika. Hospitali walimpokea na kitanda chake, na mke wangu akaingia naye. Mimi nilikaa garini, milango imefungwa, nikihesabu matone yanayodondoka kwenye kioo, nikapotea hesabu, nikaanza upya. Mke wangu alipotoka alikuja mpaka dirishani, akaegemea kiwiko pale kamba ilipopita.

"Damu inashuka," akasema. "Wanasema ingekuwa kesho wangekata."

Nilikata kamba kwa kisu, ingawa ilikuwa bado nzima na inafaa kwa kazi nyingine.

Mama mkwe sasa anatembea kwa mkongojo, kwake Kwamsisi. Kitanda kimefungwa barazani, nguzo kwa nguzo, na jioni analala humo akipokea wageni. Tumerudi kwenye adabu yetu: mimi napisha, yeye anaitikia migomba. Amekwisha kuvuna mara moja, na nilinunua mimi mwenyewe hayo mahindi, kwa bei aliyopanga yeye, na ile elfu tatu haikutajwa. Wiki iliyopita mke wangu alinisimamia mlangoni na ujumbe. Mkanda wa upande wa kichwani umeanza kuchanika, pale ulipokwaruzwa na bomba korongoni. Mama anasema bidhaa ina kasoro, na kwa muuzaji anapajua.

Mkanda mpya nimeshaulizia sokoni, ni elfu nne, nitaupata kwa tatu. Nakubali kwamba aliumia, nakubali kwamba kilichochanika kilichanika kikimbeba. Lakini biashara ni biashara, na ni yeye aliyetaka iwe biashara. Kwa hiyo nawauliza ninyi wenye wakwe: nipeleke mkanda nikae kimya, au nipeleke mkanda na deni liwe elfu sita? Na kama ni kudai, nani atamwambia, maana mke wangu amekataa.