Vijiko Viwili vya Beking Poda

Aibu yangu ina uzito, na ninaujua kwa gramu, kwa sababu niliupima mara mbili mbele ya wanafunzi arobaini na mwalimu mkuu wao.

Nilikuwa nimeitwa shule moja ya Bungoma nifundishe somo moja tu la kemia, nikifaulu niajiriwe, nikianguka nirudi Kitale kwa dada yangu (ambaye alishaanza kuniuliza ninahama lini). Nikaambiwa vifaa viko, lakini mimi na akili zangu za soko nikasema kemikali za maabara ya watu sizitegemei, nikaenda kununua beking soda ya kupimwa kwa kijiko, nikapunguziwa bei, na bado nikadai nyongeza.

"Mwalimu utanimaliza bana!" mama muuzaji akalia, akanitilia viwili juu.

Vijiko nilihesabu mara mbili. Alivitoa mkebe gani hivyo viwili, sikuangalia.

Darasani nikajigamba. Nikaandika ubaoni: tukichoma gramu 8.4 za beking soda, zikibaki 5.3 ni kaboneti, zikibaki 4.0 ni haidroksaidi, 3.1 ni oksaidi, yaani hesabu ya moli ndiyo shahidi na mizani ndiyo jaji. Nikawasha moto. Unga mweupe ukawa kahawia, ukawa mweusi, moshi ukapanda.

"Mwalimu, si hiyo ni mandazi imeungua?" msichana wa mbele akauliza, na darasa likaangua kicheko.

Nikapima: 4.7. Nikachoma tena (kichwa ngumu), 4.5.

"Sasa hiyo ni nini?" mwalimu mkuu akauliza kutoka nyuma.

Uongo ulinifika mdomoni, nikaumeza. "Imechanganyika na beking poda, bwana mkuu. Ile iko na wanga, ndio unaungua. Nilipewa nyongeza."

Kicheko cha pili kilishinda cha kwanza, lakini sikutoka. Nikaomba beking soda ya shule, nikapima 8.4 upya, nikachoma, nikapima, nikarudia mpaka mizani ikakataa kushuka: 5.3. Na tena 5.3. Kaboneti! Wakapiga makofi, wengine bado wanafuta machozi.

Mwalimu mkuu akanishika mkono. "Jumatatu uje. Lakini ununuzi wa maabara, hutagusa."

Tangu siku hiyo nimeapa: kitu cha kupima nachukua kikiwa kimefungwa, cha bure wachukue wengine. Na lile sharti lake nililikubali hapo hapo, sikuomba apunguze.