Kompyuta Ndogo ya Kibandani

Ile kompyuta ilikuwa ndogo kiasi kwamba walinzi wa mageti, kila walipoikuta kwenye mkoba wa Chapuchapu, walimuuliza kama amembebea mtoto kitu cha kuchezea. Mwanzoni alikuwa akiwaeleza. Baadaye alichoka, akawa anasema tu, "Ndiyo, mtoto mwenyewe ni mimi," kisha anapita.

Chapuchapu ni mkalimani. Jina hilo alipachikwa kazini na Mwalimu, mzee aliyemfundisha kazi, maana siku yake ya kwanza alisema mbio mpaka wasikilizaji wakavua hedifoni ili wapumzike. Sasa ni mtu mzima, watoto wake wamemaliza shule, lakini jina limemganda na yeye mwenyewe keshalizoea.

Mashine yenyewe aliipata ikiwa hoi. Mfumo iliokuja nao uliielemea, ukiiwasha unaweza kwenda kuoga ukarudi bado inajikongoja. Mdogo wake, fundi wa kompyuta, ndiye aliyeufuta mfumo ule akaweka mwingine mwepesi uitwao Linux, na tangu hapo mashine ikapata ujana mpya. Inawaka upesi, inachajiwa kwa chaja ile ile ya simu, na imeshaanguka kutoka kwenye viti vya kila aina bila kulalamika. Chapuchapu aliisifia kama watu wanavyosifia wajukuu. Ukimpa nafasi umekwisha, utatoka hapo unajua hadi uzito wake.

Lakini alichokipenda zaidi ni kwamba haina feni. Asiyefanya kazi kibandani hawezi kuelewa. Kibanda cha wakalimani ni chumba kidogo cha vioo nyuma ya ukumbi, viti viwili, vipaza sauti viwili, na vipaza sauti hivyo havina siri. Vinanasa karatasi ikigeuzwa, vinanasa tumbo likinguruma. Kompyuta kubwa ikianza kuvuma humo ndani, ukumbi mzima unadhani mvua inanyesha. Hii ndogo ilikaa kimya kama mgeni mwenye adabu.

Ila watu wa Linux nao wana ugonjwa wao. Wakiona ujumbe kwamba kuna masasisho mapya, mikono inawawasha. Mdogo wake alishamwonya: "Dada, sasisha ukiwa nyumbani, si ukiwa safarini. Likiharibika jambo huko nitakusaidiaje?" Naye aliitikia vizuri kabisa, kama watu wanavyomwitikia daktari wa meno.

Safari hii alikuwa anakwenda mji mwingine, kwenye mkutano wa watu wa maji: wahandisi, mafundi wa mabomba na wakubwa wao. Kibandani angekaa na Mwalimu. Zamani habari hiyo ingemfanya aimbe. Sasa ilimkosesha raha, kwa sababu Mwalimu alikuwa ameanza kupotewa na maneno.

Wala si yale makubwa. Makubwa yote alikuwa nayo, ya sheria, ya uchumi, ya hospitali. Yaliyomkimbia ni madogo. Mkutano uliopita alitaka kusema "mwavuli", akasema "kile cha kushika mtu asilowe". Ukumbi ukacheka, wakadhani mzee anawachangamsha. Mratibu wa mikutano hakucheka. Akampigia Chapuchapu simu.

"Dada, niambie ukweli. Mzee bado anaweza?"

"Anaweza."

"Maana akikwama tena safari hii, sitamwita tena. Itabidi hata wengine niwaeleze kwa nini."

"Nimekwambia anaweza. Niachie mimi."

Alipokata simu akajiuliza amejipalia makaa ya nini. Lakini angesema nini? Mtu aliyekufundisha kupumua katikati ya sentensi humwachi amwage unga mbele ya ukumbi, tena kwa sababu ya mwavuli.

Mpango ulikuwa rahisi. Kibandani mnapokezana: mmoja anasema, mwenzake anapumzika. Anayepumzika hakai bure, humwandikia mwenzake tarakimu na majina magumu. Ni desturi ya kazi, hakuna anayeshukuru wala anayeona aibu. Kumuuliza mkalimani "umesahau?" ni tusi, ila kumwandikia neno ni kama kumsogezea glasi ya maji. Karatasi zingepiga kelele, na macho ya Mwalimu hayakuwa yale ya zamani. Basi angemwandikia kwenye kompyuta, aigeuzie upande wake, mambo yaende bila mtu kujua.

Asubuhi ya mkutano, chumbani hotelini, akaiwasha. Masasisho yapo, ikamwambia. Mkutano ulikuwa bado, na mtandao wa hoteli siku hiyo ulikuwa na kasi ya ajabu. Akatazama kushoto, akatazama kulia, utadhani mtu anaiba sukari. Akabonyeza.

Ilipowaka tena, hakuna picha, hakuna madirisha, hakuna kitu. Kioo cheusi tititi na kistari kimoja kinapepesa juu kwenye kona. Akampigia mdogo wake.

"Umesasisha," mdogo wake alisema kabla hata ya salamu.

"Nani kakwambia?"

"Unahema." Akacheka mpaka Chapuchapu akatamani kumkatia simu. "Tulia. Haijafa, imepoteza sura tu. Kuandika bado itaandika. Mafaili yako yote yamo."

"Herufi zenyewe kama sisimizi!"

"Hizo tunazikuza. Andika ninavyokutajia, usiongeze kitu cha kwako."

Akaandika, na herufi zikavimba, nyeupe juu ya weusi, kila moja unene wa kidole. Alizitazama akaona aibu. Mashine aliyoitangaza kila mahali, leo inaonekana kama ubao wa kutangaza bei ya nyanya. Ikabidi apige moyo konde aende nayo hivyo hivyo.

Mwalimu alikwishafika kibandani, shati limepigwa pasi, miwani imeshuka puani. Akaitupia jicho mashine.

"Imekuwaje hiyo?"

"Imeharibika kidogo, Mwalimu."

"Mbona ndiyo kwanza naiona vizuri?"

Mkutano ukaanza. Chapuchapu akasema zamu yake, kisha ikafika ya Mwalimu. Alianza vizuri, sauti ile ile nzito inayowafanya watu wakae sawa kwenye viti. Mhandisi mgeni alikuwa anaeleza kwa nini maji yanapotea njiani. Mwalimu akamfuata vizuri, mpaka sentensi ilipofika kwenye kifaa fulani. "Ukiifungua sana ile..." Kule mbele mratibu akageuza shingo. Vidole vya Chapuchapu vikaruka kwenye vitufe: KOKI.

"...ile koki," akasema Mwalimu, bila hata kupepesa.

Halafu CHUJIO. Halafu NDOO. Halafu MFUNIKO. Chapuchapu akawa haandiki tena kwa kungoja akwame, bali anamtangulia, kila mhandisi alipofungua mdomo yeye neno ameshaliweka kiooni. Herufi zile nene Mwalimu alizisoma bila kuinamisha kichwa, macho yake yakabaki kwa msemaji. Laiti mashine ingekuwa nzima, na vidirisha vyake vya rangi na maandishi membamba, mzee angekuwa anapapasa miwani hadi jioni. Mratibu aligeuka tena mara kadhaa. Mwishowe akaacha kugeuka, akaanza kula karanga.

Walipomaliza, walikaa na mizigo yao pale mapokezi wakingoja gari. Chapuchapu alikuwa na furaha ya kutaka kucheza.

"Mengine nilikuwa nayo," alisema Mwalimu ghafla.

"Mengine nini?"

"Maneno. 'Maji', kwa mfano. Uliniandikia 'maji'. Chapuchapu, mkutano wa maji, nisahau maji?"

Wakacheka wote wawili. Kisha Mwalimu akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati.

"Mengine sikuwa nayo. Nimeshamwambia mratibu kwamba hii ndiyo ya mwisho. Nimesema mwenyewe, asije akaumiza kichwa namna ya kuniambia." Akaivaa tena. "Kazi si kitu, nimeifanya ya kutosha. Tatizo ni nyumbani. Juzi tulikuwa mezani nikataka chumvi, neno likagoma. Nikanyoosha kidole tu. Mke wangu akadhani nimenuna, naye akanuna. Tukala chakula kile hakina chumvi, kila mtu kimya. Nyumbani sina wa kuniandikia."

Chapuchapu aliipenda mashine ile, usione mtu anatania. Akafungua mkoba, akaitoa pamoja na chaja, akamwekea mapajani.

"Nitakuja nyumbani kumwonyesha Mama jinsi ya kuiwasha. Ila imeharibika, Mwalimu. Mdogo wangu atairudishia sura yake kwanza."

Mwalimu aliifunika kwa mikono miwili.

"Usiitengeneze."

Tangu siku hiyo Chapuchapu anasafiri na kompyuta kubwa. Inamvuta bega, inavuma, kibandani anaizima na kurudi kwenye karatasi. Walinzi wa mageti hawamuulizi kitu. Mdogo wake amemwahidi nyingine ndogo, akaapa kwamba safari hii ataificha hiyo sehemu ya masasisho.

Kwa Mwalimu alikwenda mara moja kumfundisha Mama, kisha kazi zikamzonga, safari juu ya safari, hata ilipopatikana nafasi ya kurudi, alikwenda akiona haya. Mama alimfungulia mlango, akamkumbatia, akampeleka sebuleni. Mwalimu alikuwa kwenye kiti chake, amekonda kidogo, shati limepigwa pasi vile vile. Mezani mbele yake, kati ya birika na chumvi, ilikuwepo ile mashine, imewashwa, weusi wake na herufi zake nene:

LEO JUMAMOSI. DAWA UMESHAKUNYWA. ANAKUJA CHAPUCHAPU, ULIMFUNDISHA KAZI.

Mwalimu alimtazama usoni, akatabasamu kama mtu anavyomtabasamia mgeni wa jirani. Kisha, bila kujificha, akageukia kioo akasoma taratibu, midomo ikicheza. Aliporudisha macho, yalikuwa yamejaa machozi.

"Chapuchapu!" akasema, akagonga kiti cha pembeni yake. "Kaa hapa unipe habari. Na leo useme polepole."